Lamu hadi Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umbali, muda wa ndege na njia za kufika

Shule zikikaribia kufungwa, na mfunguo sita, mwezi wa Maulidi, ukikaribia kuandama, watu wa Lamu huanza kuuliza habari za Unguja, na wa Unguja habari za Lamu. Wengi wana shangazi, mjomba au mwalimu wa chuo upande wa pili wa maji. Majibu haya ni kwa ajili yao, na kwa mgeni yeyote anayetaka kuiona miji hii miwili katika safari moja.

Lamu na Unguja ziko umbali gani?

Kwa mstari ulionyooka, kutoka kiwanja cha ndege cha Manda, kisiwa jirani na Lamu, hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, ni kama kilomita 475. Kwa hesabu ya mabaharia ni kama maili 257 za baharini. Lamu iko nyuzi 2 na robo kusini ya ikweta, na mji wa Unguja uko nyuzi 6 na kidogo. Kwa hiyo safari ni ya kuteremka kusini, ukielekea magharibi kidogo kwa sababu pwani yetu imelala mshazari.

Mbona kila mahali naona namba tofauti?

Wengine hupima kutoka mjini hadi mjini, wengine kutoka uwanja hadi uwanja, na wengine huchukua kitovu cha kisiwa kizima. Wapo pia wanaotoa maili bila kusema ni maili gani: 257 za baharini na 295 za nchi kavu ni umbali ule ule. Tofauti ya kilomita tano au kumi isikuumize kichwa. Namba ya kuangalia kwa makini ni ile inayoitwa umbali wa barabara, maana Lamu ni kisiwa na Unguja ni kisiwa. Anayekupa kilomita za gari pekee kati ya visiwa viwili amesahau boti na feri.

Ndege ingechukua muda gani kama ingeenda moja kwa moja?

Inategemea ndege. Ndege kubwa ya panga kama Dash 8 ingemaliza safari kwa saa moja hivi, pamoja na kupanda na kushuka. Ndogo ya injini moja kama Cessna Caravan, inayokwenda kama kilomita 300 kwa saa, ingehitaji saa moja na dakika 40 au zaidi kidogo. Upepo nao una sehemu yake: wakati wa kusi, upepo utokao kusini, ndege inayokwenda Unguja inapigwa na upepo wa mbele na hupoteza dakika chache, kisha ikirudi Lamu huzipata tena.

Je, ipo ndege ya moja kwa moja?

Kwenye ratiba za kawaida za abiria, hapana. Manda ni kiwanja cha safari za ndani ya Kenya, na muhuri wa kutoka nchini hupigwa Nairobi au Mombasa. Hata anayekodi ndege nzima kwa kawaida hutua Mombasa kwanza kwa ajili ya uhamiaji na forodha.

Hili linatuuma wengi. Miji hii miwili imefunganishwa na ndoa, vyuo, biashara na dini kwa karne nyingi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Bandari mpya ya Lamu ilianza kupokea meli Mei 2021. Meza ya uhamiaji pale Manda, hata ya siku mbili tu kwa wiki, ingempunguzia mzee anayekwenda kumwona mwanawe safari ya kutwa nzima. Ndege ingekuwa angani kwa saa moja tu.

Nipite Nairobi au Mombasa?

Tazama ramani kwanza. Kutoka Manda hadi Nairobi ni kama kilomita 455 kwenda magharibi, ndani ya bara. Kutoka Nairobi hadi Unguja ni kama kilomita 600 kurudi pwani. Jumla ni zaidi ya kilomita 1,050, yaani umbali wa moja kwa moja mara mbili na zaidi. Unaondoka baharini, unapanda bara, kisha unateremka tena kwenye bahari ile ile.

Mombasa imekaa njiani. Kutoka Manda hadi uwanja wa Moi ni kama kilomita 245, na kutoka hapo hadi Unguja ni kama 245 nyingine. Ukizijumlisha unapata kama 490, kilomita kumi na tano tu juu ya mstari ulionyooka. Ukichora mstari wa Lamu na Unguja kwa rula, Mombasa iko karibu katikati kabisa. Kila kipande ni kama dakika 45 za ndege.

Kwa nini basi watu wengi hupita Nairobi? Kwa sababu ndege nyingi za Lamu zinatoka na kurudi Nairobi, na Nairobi ina ndege za Unguja za kila siku. Mombasa ina njia fupi lakini ratiba yake ni chache. Mwaka 2025 Jambojet ilianza safari za Mombasa na Zanzibar moja kwa moja, si kila siku ya wiki, na hilo limebadilisha hesabu kwa watu wa pwani. Anza na siku ambazo ndege ya Mombasa kwenda Unguja inaruka, kisha panga safari ya Lamu kuifuata. Wengi hufanya kinyume: hukata tikiti ya Lamu kwanza, halafu hujikuta wanalala Mombasa siku mbili.

Ushauri wangu ni huu: kama una siku ya ziada na una jamaa Mombasa, pita Mombasa. Kama una haraka na uwezo upo, pita Nairobi, lakini soma jibu linalofuata kabla ya kulipa.

Nikipita Nairobi, nishuke Wilson au Jomo Kenyatta?

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Nairobi ina viwanja viwili vya abiria. Safarilink, kwa mfano, hutumia Wilson, na Jambojet hutumia Jomo Kenyatta. Ndege kubwa za kwenda Unguja, kama za Kenya Airways, zinaondokea Jomo Kenyatta. Ukitua Wilson itabidi uchukue begi lako, utafute teksi na uvuke sehemu ya mji yenye foleni mbaya, kisha uanze upya: ukaguzi, kaunta, uhamiaji.

Kwenye tikiti angalia herufi tatu za kiwanja. WIL ni Wilson, NBO ni Jomo Kenyatta. Manda ni LAU, Mombasa ni MBA, Malindi ni MYD na Unguja ni ZNZ. Kama unashuka WIL na kupanda NBO, weka nafasi ya saa nne baina ya ndege mbili. Saa tatu zinatosha siku nzuri, lakini mvua ikinyesha Nairobi usitegemee siku nzuri.

Jambo jingine ni kama tikiti yako ni moja au ni mbili. Ikiwa Lamu hadi Unguja zote zimeandikwa kwenye tikiti moja, ndege ya kwanza ikichelewa kampuni ina wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukiwa na tikiti mbili za kampuni mbili, ya pili ikikuacha umeachwa, na nauli imekwenda. Wakala akikuuzia mbili kwa bei ya chini, muulize wazi wazi ni nani atakayelipa ndege ya kwanza ikichelewa.

Mlango kwa mlango, ni saa ngapi?

Swali hili ndilo la maana kuliko yote. Muda wa angani ni sehemu ndogo ya safari.

Tuseme nyumba yako iko Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, na ndege ya Manda inaondoka saa nne asubuhi. Unatoka nyumbani kabla ya saa mbili na nusu. Begi linabebwa kwa mkokoteni au mabegani hadi gatini, kwa sababu vichochoro vya mji havipitishi gari. Boti ya kuvuka kwenda Manda ni dakika kumi hadi kumi na tano, lakini kuisubiri ijae ni habari nyingine. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za chini za gati zinakuwa na mwani wa kijani unaoteleza, na nahodha hukwambia uvue viatu uvishike mkononi. Upande wa Manda unapanda gatini na kwenda kwa miguu hadi jengo la abiria. Hapo begi linawekwa kwenye mizani mbele ya macho yako.

Ndege ya Nairobi ni saa moja hadi saa moja na robo. Unafika kama saa tano na robo, na kuunganisha kunakula mchana wote. Ndege ya Unguja ni saa moja na robo hadi saa moja na nusu, kisha foleni ya uhamiaji, kisha gari. Uwanja wa Unguja uko Kisauni, si mbali na Mji Mkongwe, na daladala namba 505 hupita huko. Kwa njia hii, hesabu saa tisa hadi kumi na moja tangu ufunge mlango wa Mkomani hadi ubishe hodi Mkunazini au Shangani, mitaa ya Mji Mkongwe.

Kwa Mombasa, ukipata ndege mbili zinazofuatana siku moja, saa saba hadi nane zinatosha. Ukitumia basi hadi Mombasa, safari inakuwa ya siku mbili na usiku mmoja wa kulala njiani.

Tikiti yangu imeandikwa 13:10. Ni saa ngapi?

Ni saa saba na dakika kumi mchana. Tikiti zote huhesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo ondoa sita: 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Ukimwambia mzee saa za safari kwa simu, taja pia asubuhi, mchana au jioni. Na 00:30 ni usiku wa kuamkia tarehe hiyo. Mtu mwenye tikiti ya Ijumaa 00:30 anatakiwa awe uwanjani Alhamisi usiku.

Kuna tofauti ya saa kati ya Lamu na Unguja?

Hakuna. Kenya na Tanzania zote ziko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa.

Mbona magharibi ya Unguja huadhiniwa baadaye kuliko ya Lamu?

Saa za ukutani ni moja, lakini jua halifuati saa za ukutani. Unguja iko magharibi zaidi na kusini zaidi. Mwezi wa Machi na wa Septemba, jua hutua Lamu kama dakika saba kabla ya kutua Unguja. Desemba tofauti hukaribia robo saa, kwa sababu miezi hiyo mchana hurefuka kila unapokwenda kusini. Juni mambo mawili haya hukatana, na jua hutua karibu wakati mmoja kote kuwili.

Kwa mwenye saumu maana yake ni kwamba kalenda ya futari ya msikiti wa Lamu haimfai akishafika Unguja. Angekuwa anafuturu kabla ya wakati. Na ukiwa angani jua likiwa bado unaliona dirishani, unasubiri hata kama waliokuwa chini yako wameshafuturu.

Umbali huu unaruhusu kuqasiri (kufupisha) sala?

Ndiyo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi pwani hii, kiwango kinachotajwa na wanazuoni ni marhala mbili, na wa sasa huzikadiria kwa kilomita 80 na kidogo. Kilomita 475 zimepita kiwango hicho mara kadhaa, na hata Lamu hadi Malindi, kilomita 140 kwa mstari, zimekipita. Masharti ya nia, mwanzo wa safari na siku za kukaa mwulize sheikh wako kabla ya kuondoka.

Naweza kwenda kwa barabara?

Inawezekana, lakini uwe na subira. Unavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, na kupanda basi. Kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 340. Barabara ya Lamu hadi Garsen imetiwa lami, na mahali palipokuwa na tope la kuzamisha magari sasa magari hupita vizuri. Kinachokula muda ni vizuizi vya usalama, na mara nyingine magari huongozana na polisi. Basi likichelewa kizuizini usimlaumu dereva. Weka kitambulisho mfuko wa juu, kwa maana utakitoa tena na tena.

Kutoka Mombasa unavuka Likoni kwa feri, au unazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, kisha kama kilomita 100 hadi mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro. Kutoka mpakani hadi Tanga ni kama 65, na Tanga hadi Dar es Salaam ni kama 350. Mwisho ni boti ya mwendo kasi ya saa mbili hivi hadi Unguja. Ukijumlisha yote, na bahari ndani yake, ni zaidi ya kilomita 900. Hiyo ni siku mbili kamili kwa mwenye haraka, na siku tatu kwa mwenye watoto.

Kutoka Tanga pia kuna vyombo vinavyokwenda Pemba na Unguja, lakini si vya kila siku. Ukikipata kinachoondoka siku unayofika, umeokoa safari ndefu ya Chalinze.

Na baharini? Wazee wetu walikwenda kwa jahazi.

Walikwenda, na walikwenda kwa kalenda ya upepo. Kaskazi ilipovuma, tangu Novemba au Desemba hadi Machi, majahazi na mitepe (vyombo vya mbao za kushonwa) ya Lamu, Pate na Siyu yaliteremka kusini na shehena za boriti, ng'onda na mikeka. Kusi ilipogeuka, tangu Aprili, yalirudi. Jahazi linalokwenda maili tano za baharini kwa saa bila kusimama lingemaliza maili 257 kwa saa 51, siku mbili na kidogo. Kwa kweli yalichukua zaidi, kwa sababu nahodha alitia nanga Malindi na Mombasa kwa maji, kwa mizigo, au kwa kusubiri bahari itulie. Mkondo wa maji wa pwani yetu nao hupanda kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, na chombo kinachoteremka hupambana nao.

Njia hiyo ndiyo iliyoleta watawala na wanazuoni pia. Baada ya vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu walitaka ulinzi wa Maskati. Miongo mitatu haikupita, Sayyid Said, mtawala wa Maskati, alikuwa amehamishia makao yake Unguja, na amri za Lamu zikawa zinatoka huko.

Leo hakuna chombo cha abiria cha ratiba kati ya Lamu na Unguja. Majahazi ya mizigo yapo, na mara nyingine mtu huambiwa apande kimya kimya. Usipande. Hayana jaketi za kuokolea za kutosha, huna bima, na ukifika bila muhuri wa kutoka Kenya unahesabiwa umeingia Tanzania kinyume cha sheria. Hali ni hiyo hiyo kwa vidau vya kuvuka Shimoni kwenda Pemba usiku.

Nahitaji hati gani?

Paspoti iliyo hai. Kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi. Utaratibu wa kusafiri kwa kitambulisho ulianzishwa mwaka 2014 baina ya Kenya, Uganda na Rwanda, na Tanzania haikuingia. Raia wa Kenya haombi viza ya matembezi. Anagongewa muhuri mlangoni.

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi ambazo abiria wake huulizwa cheti hicho Tanzania. Chanjo lazima iwe imepita siku kumi kabla ya kufika, kwa hiyo kuchanjwa jana yake hakukusaidii. Kadi moja inatosha maisha yote.

Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje ya nchi wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Hulipwa mtandaoni kabla ya kuondoka. Mwenye paspoti isiyo ya Afrika Mashariki aangalie pia kama anahitaji viza ya Tanzania, na idhini ya mtandaoni ya kuingia Kenya ikiwa atarudi Lamu.

Mtoto anayesafiri na shangazi au bibi yake abebe barua ya wazazi na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Maafisa wa mpakani huuliza, na wana haki ya kuuliza.

Mzigo kiasi gani?

Fuata ndege ndogo kuliko zote katika safari yako. Kampuni moja inaweza kukuruhusu kilo 23, lakini ndege ndogo ya Lamu ikawa inataka 15, na ikapendelea begi laini lisilo na fremu ya chuma. Pima nyumbani. Mizani ya duka la jirani inatosha.

Kuhusu vitu vyenyewe: mifuko ya plastiki acha nyumbani, imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania bara tangu 2019, na Zanzibar ilitangulia zamani. Kikapu cha ukindu kitakufaa zaidi. Kofia za kushona kwa mkono, halua na mikeka hazina shida. Makombe, matumbawe na vitu vya magamba ya kasa usibebe, ukienda wala ukirudi. Viungo vilivyofungwa dukani Unguja ni zawadi nzuri, lakini gunia la karafuu ni kosa kubwa. Biashara ya karafuu iko mikononi mwa shirika la serikali, na kuitorosha kuna kifungo.

Niko Malindi. Hesabu inabadilikaje?

Umekaribia zaidi. Malindi hadi Unguja ni kama kilomita 345 kwa mstari. Usirudi Lamu kutafuta ndege. Teremka Mombasa kwa matatu, kama kilomita 120, ulale au uunganishe hapo. Acha saa tatu za barabara, hasa kwa foleni ya Mtwapa. Ukipanda ndege ya Malindi kwenda Nairobi, unazunguka bara bila sababu.

Tahadhari ndogo: Unguja nako kuna Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe ulio jirani na bandari. Ukitafuta chumba mtandaoni na ukaona hoteli ya Malindi yenye feri mlangoni, hakikisha ni ya Unguja kabla ya kulipa.

Miezi gani ni mizuri?

Kaskazi, Desemba hadi Machi mwanzoni: anga safi, bahari tulivu, nauli juu. Masika, Aprili na Mei: nauli chini, lakini baadhi ya nyumba za wageni za Lamu hufungwa na safari za ndege hupunguzwa. Juni hadi Agosti kusi inavuma kwa nguvu na boti za kuvuka hutia maji. Funga paspoti na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Mama yangu ni mtu mzima na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Ataweza, ukipanga mapema. Omba kiti cha magurudumu siku ya kukata tikiti, kwa viwanja vyote, na uhakikishe kimeandikwa kwenye tikiti yenyewe. Ndege ndogo hazina ngazi pana, kwa hiyo uliza ni ndege ya aina gani. Sehemu ngumu kwake ni gati, zaidi ya ndege. Angalia saa za maji: wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakiwa yamekupwa, boti huwa chini sana ya ukingo na mtu mzima hawezi kuteremka bila kubebwa. Maji yakijaa, boti inalingana na ngazi na anaingia kwa hatua moja. Kodi boti yenu peke yenu, umwambie nahodha kwamba kuna mtu mzima, na mwende nusu saa mapema. Mombasa ni njia bora kwake kuliko Nairobi hata kama mtalala, kwa sababu vipande viwili vya dakika 45 na usiku mmoja wa kupumzika ni vyepesi kwa magoti kuliko kutwa ya viti vya uwanjani. Dawa zake ziwe kwenye begi la mkononi, pamoja na karatasi ya daktari.

Tunatoka Unguja kuja Maulidi ya Lamu. Tukate tikiti lini?

Karibuni sana. Shughuli za Msikiti wa Riyadha wa Lamu huwa mwishoni mwa mfunguo sita, na mwezi huo hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Msitumie tarehe za mwaka jana. Mwaka 2026 mwezi huo unaangukia Agosti na Septemba mwanzoni, kwa kutegemea mwandamo.

Ndege za Manda ni chache na viti huisha mapema wiki hiyo. Kateni miezi miwili kabla, na mchague tikiti inayobadilishwa tarehe, kwa sababu mwezi ukiandama siku moja baadaye ratiba yote inasogea. Fikeni Manda mchana. Kundi likiwa kubwa, gawaneni: wazee kwa ndege, vijana kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, na mwenyeji wenu ajue kila kundi linashuka gati gani, kwa kuwa la Mokowe na la Manda ni pande mbili tofauti za maji.